Njiani Hatujuani

Mjini Lubumbashi ukimpita jirani bila neno, kesho yake atakuja mlangoni kuuliza amekukosea nini. Salamu hapa si mapambo. Sasa mfikirie mtu ambaye kwa zaidi ya miaka thelathini alipitwa hivyo, sokoni, kanisani, kwenye foleni ya maji, na watu aliowajua kuliko ndugu zake wa damu, na hata siku moja hakwenda mlangoni kwa yeyote kuuliza. Mtu huyo ni mzee Kalaba wa Kampemba. Nami nasema mapema, kabla hamjaanza kumwonea huruma, kwamba sehemu ya mzigo huo alijitwisha mwenyewe.

Vijana wanamsalimu, hilo ni kweli. Jumatatu asubuhi utamkuta kwenye geti la kampuni moja inayowatafutia migodi vibarua, amevaa koti la kahawia, sheria ya kazi ameibana kwapani, kitabu kilichokwisha jalada. Anawasomea mikataba yao bure kabla hawajatia sahihi. Wamempa jina la Papa Code, yaani Baba Sheria. Wanamsikiliza kwa sikio moja, la pili lina muziki, halafu wanaingia ndani wakatie sahihi kile walichokuja kutia sahihi. Haidhuru, wanamsalimu. Shida ya Kalaba ilikuwa kwamba waliomsalimu hawakumjua, na waliomjua hawakumsalimu.

Waliomjua aliwapata kwenye kiwanda cha kusubu vyuma, ambacho sasa kimebaki kuta na majani. Enzi hizo nchi nzima ilikuwa na chama kimoja, na wafanyakazi wa nchi nzima walikuwa na sendika moja ya kuwatetea kazini, ile ya chama. Mtu wa sendika alifika kiwandani akiwa ndani ya suti, akala na wakubwa, akatoka nje kuwaambia wafanyakazi wapige makofi. Wakapiga. Kalaba alikuwa kijana wa kutengeneza kalibu za mchanga, na yeye akapiga.

Halafu siku moja chuma cha moto kilimwagika mguuni kwa Chileshe, mwenzake wa kalibu moja. Msimamizi akamwambia aende akapone nyumbani kwake, bila mshahara, akipona arudi kuomba kazi upya. Wote walisimama pale, wanaume wazima wenye misuli, na hakuna aliyefungua kinywa, kwa sababu hakuna aliyejua kama hilo ni haki au si haki. Hilo ndilo lililomkera Kalaba kuliko mguu wenyewe. Alikuwa amesoma kidogo kwa mapadri. Akatafuta kitabu cha sheria ya kazi, akakisoma jioni baada ya jioni hadi akakuta mahali paliposema kwamba mtu aliyeumia kazini ni mzigo wa mwenye kazi. Sheria ilikuwepo siku zote. Walikuwa wameikalia kama kuku anavyokalia yai asilolijua.

Kuanzia hapo akawa na kichaa kimoja tu: watu wasome. Sendika nyingine, ya wafanyakazi wenyewe, aliitaka, na ndiyo iliyomtia mashakani. Lakini akili yake ilimwambia kwamba sendika ya watu wasiojua kusoma itauzwa na wa kwanza atakayejua. Kwa hiyo akaanza na shule.

Shule yenyewe ilikuwa karakana ya seremala, karibu na mto Naviundu. Seremala aliitwa Moustapha, Mwislamu mwenye asili ya Maniema, mtu wa maneno machache, ambaye Jumapili mchana aliwaachia ufunguo na kwenda zake kulala. Ubao wa kuandikia ulikuwa ubao kweli, umepakwa rangi nyeusi upande mmoja. Somo likiisha waliufuta na kuusimamisha kati ya mbao nyingine, upande mweusi ukutani. Wanafunzi walikuwa watu wa kalibu, watu wa tanuri, na dereva mmoja wa winchi, Osée, aliyekuwa mwepesi wa herufi na mzito wa kila kitu kingine. Kalaba alikuwa mwalimu mkali. Hakumruhusu mtu kusema amejua kifungu cha sheria mpaka akieleze kwa maneno ambayo mkewe angeyaelewa, bila Kifaransa hata chembe. Walitoka jasho pale kuliko tanurini.

Kuandika majina kulikuwa mwiko. Kila Jumapili, mlango ukishafungwa, Kalaba alisimama na kuwaita mmoja mmoja kutoka kichwani. "Chola." Chola anajibu, "Niko." "Mwenya." "Niko." Siku ya kwanza kabisa ndipo alipotoa kanuni yake.

"Hapa ndani kila mumoja ataitwa ku jina, na akishaitwa njo tunajuana," aliwaambia. "Inje kule hatujuane. Ku njia, ku soko, ku kanisa, pita sawa vile hauyaniona. Mupaka nikuite ku jina."

Ilikuwa kanuni nzuri. Mji ulikuwa umejaa masikio ya kukodiwa, na mtu akionekana akicheka barabarani na watu watatu wa kiwanda kimoja, kesho ameulizwa walicheka nini. Kanuni iliwalinda. Hata mimi nisiyependa kanuni naikubali hiyo.

Nje ya mlango alikaa Victorine, mke wa Kalaba. Alikuwa na beseni la munkoyo, kile kinywaji cha mizizi chenye uchachu, na kikombe cha bati cha kupimia. Aliuza munkoyo kweli, na aliuza vizuri, lakini kazi yake hasa ilikuwa kutazama barabara. Akigonga kikombe kwenye ukingo wa beseni, ndani walijua kuna mtu. Jua likimchoma alivumilia, mvua ikija alijifunika gunia. Hakuwahi kuingia darasani hata mara moja, kwa sababu akiingia nani atatazama barabara? Alijifunza kusoma kwa kusikiliza kupitia ufa wa mlango, na Kalaba alikuja kuligundua siku alipomkuta anasoma tangazo la kanisa, anacheka peke yake.

Jumapili moja kikombe kiligongwa kwa nguvu. Wanafunzi wakatoka kwa dirisha la nyuma, wakashuka hadi mtoni na kutawanyika. Kalaba alibaki kufuta ubao. Angeweza kuuacha, lakini ulikuwa umejaa maandishi ya mikono tofauti tofauti, na mwandiko wa mtu ni kama sura yake. Watu wa serikali walimkuta ameshika kitambaa.

Alikaa kizuizini miezi mingi. Waliyotaka ni majina tu. Waliyapigania kwa njia zao, ambazo yeye mwenyewe hajawahi kuzisimulia, basi na mimi naziacha. Hakutoa hata moja. Alipotoka alikuwa amepoteza kazi, meno kadhaa na uwezo wa kulala chali. Victorine alimpokea na maji ya moto. Jumatatu iliyofuata alitembea hadi barabara ya kiwandani kuwaona wenzake wakitoka kazini, walau awaone kwa mbali. Chola akapita, macho chini. Mwenya akapita. Osée akapita akitazama mawingu. Kalaba alirudi nyumbani amejaa furaha.

"Bananipita sawa vile jiwe," alimwambia mkewe. "Walishika somo."

Hiyo ilikuwa furaha ya mwaka wa kwanza. Mwaka wa pili ilipungua. Baadaye nchi ikabadilika, vyama vikawa vingi, sendika zikaota kama uyoga, zenye ofisi, mihuri na fulana za rangi. Masikio ya kukodiwa yakapata kazi nyingine. Kalaba akasubiri. Alidhani siku moja wangekuja, wagonge mlango, waseme, "Camarade, mambo imekwisha, sasa tunaweza kusalimiana." Alinunua hata viti. Hakuja mtu.

Ndipo mawazo mabaya yalipomwingia. Katika ile wiki aliyokamatwa, Chileshe, yule wa mguu, ambaye alipopona alirudi kiwandani na akawa mwanafunzi wa karakana, alifukuzwa kazi. Ilikuwa sadfa, au mguu wake, au chochote. Lakini Kalaba alianza kuhesabu kama wao wangehesabu: Kalaba amekamatwa, Chileshe amefukuzwa. Je, wanadhani nilimtaja? Swali hilo lilikaa naye mezani, likalala naye kitandani. Na kama vile halikutosha, Chileshe mwenyewe alianza kupita mbele ya ua wake kila Jumapili baada ya misa, anachechemea polepole, bila kugeuza shingo. Nyumba ya Chileshe ilikuwa upande mwingine kabisa wa Kampemba. Kalaba akaona anakuja kumsuta. Akawa anaingia ndani Jumapili mchana na kufunga mlango.

"Anza we," Victorine alimwambia. Alimwambia kwa miaka, akichambua sombe, yale majani ya muhogo, akikunja nguo, akimsugua mgongo. "Ita muntu ku jina. Kitu gani itapasuka?"

"Bo njo balinikimbia. Bo njo baanze."

"We njo ulibafungaka kinywa. We njo utabafungula."

Yeye alijibu kwamba kumwita mtu kwa jina hadharani ni hatari. Hiyo ilikuwa sababu ya zamani, na ilishaoza. Ukweli alikuwa anaogopa. Aliogopa mtu angegeuka na kumwambia usoni, "Wewe ulimuuza Chileshe." Alikuwa amestahimili vipigo vya watu wa serikali, lakini hilo asingelistahimili. Akaifanya hofu yake iitwe kanuni, akaishi nayo kwa heshima zote. Kiburi nacho kilikuwemo, tusidanganyane.

Mungu hakuwapa mtoto aliyekaa. Walibaki wawili, yeye na Victorine, katika nyumba yenye viti vingi kuliko watu. Mwaka fulani Jumapili ya Chileshe ilipita bila Chileshe, na iliyofuata pia, na Kalaba akasikia mtu akisema sokoni kwamba yule mzee wa mguu amezikwa. Hakwenda msibani. Alikaa kwenye kiti kimoja kati ya vile alivyonunua, siku nzima, na Victorine akaenda peke yake kuwafariji watu ambao mumewe hakujuana nao.

Msimu wa mvua uliopita Victorine naye akafa, kwa homa iliyoanza kama mchezo.

Msiba huku huitwa kilio, na una taratibu zake. Wanawake hukaa ndani kwenye mikeka. Wanaume hukaa uani chini ya turubai, kuzunguka magogo yanayowaka, na moto huo hauzimwi hata jua likiwa kali. Kila anayeingia humwendea mfiwa kwanza, humshika mkono, halafu ndipo hutafuta kiti. Mtu akizikwa bila watu kwenye moto, mtaa utalisema hilo mpaka wajukuu. Ndugu za Victorine walitoka Kasenga. Mipango yote aliishika Alima, jirani, binti wa yule Moustapha seremala, mama mwenye mtandio mweupe na sauti ya kuamrisha majeshi.

"Bantu ya upande yako ni banani, muzee?" Alima aliuliza, ameshika unga wa ugali. "Juu nipike bukari ya bantu ngapi?"

"Pikia ndugu za bibi yangu," Kalaba alisema. "Miye sina bantu."

Alisema hivyo kwa macho makavu, na Alima alikwenda jikoni akapuliza moto ambao haukuhitaji kupulizwa.

Walitoka makaburini saa za mchana. Ndugu wa Kasenga walikaa upande mmoja wa moto wakizungumza mambo yao. Upande wa Kalaba ulikuwa na viti vitupu, vile vile alivyovinunua, safari hii vimetolewa nje. Alikaa katikati yao akitazama magogo. Alijua mji mzima unaviona vile viti. Alikuwa anafikiri kwamba Victorine angekuwa hai angevificha.

Mzee mmoja akaingia. Hakumwendea. Alipita nyuma yake, akavuta kiti mbali kidogo, akakaa, akatazama moto. Akaingia mwingine, mwenye fimbo, naye hivyo hivyo, akaacha viti viwili kati yake na wa kwanza. Akaja wa tatu. Kofia zao ziko mapajani, midomo wameifunga, hakuna aliyemshika mfiwa mkono, hakuna hata aliyemtazama jirani yake. Ndugu wa Kasenga waliacha mazungumzo yao. Watu wasio na adabu kiasi hicho hawajawahi kuwaona. Wengine wakazidi kuja, kila mmoja peke yake, kwa nafasi, kama watu walioachana kona ya barabara wasionekane pamoja. Viti vikajaa.

Kalaba aliwatambua wote. Mashavu yaliingia ndani, nywele zilikwenda, lakini aliwatambua. Alidhani wamekuja kumhukumu, na wamechagua siku hii.

Alima alitoka jikoni na sinia, akasimama. Aliwatazama wale wazee, akamtazama Kalaba, kisha akamwendea aliyekuwa karibu, ambaye ni Osée, yule dereva wa winchi.

"Papa, hii adabu ya wapi?" alisema, na wala hakushusha sauti. "Munaingia ku kilio ya bantu bila hata kusalimia? Muzee huyu alibakosea nini?"

Osée alikuwa bado mzito. Alichukua muda wake, akazungusha kofia.

"Mama, hakutukosea," alisema. "Ye mwenyewe njo alisemaka hatujuane mupaka atuite ku jina. Tulimuacha peke yake na ubao, tukaruka ku dirisha. Alipotoka kule, tukasema, muache atuite akipenda. Mupaka leo bado atuite. Lakini mama ya munkoyo, hatukuweza kumuacha aende bila siye."

Kalaba alisikia kila neno, na ilimchukua muda kuyaweka pamoja. Miaka yote ile aliwangoja kwenye mlango ambao ufunguo wake ulikuwa mfukoni mwake. Nao waliupita mlango huo vichwa chini kwa aibu, wakidhani amewafungia. Alitaka kukasirika na hakujua amkasirikie nani, kwa hiyo akashika magoti, akainuka. Alisimama kama zamani, mgongo wima, mikono nyuma.

"Chola," aliita.

"Niko," alisema yule mwenye fimbo, na sauti yake ikavunjika katikati.

"Mwenya."

"Niko."

"Osée."

"Niko, mwalimu."

Aliendelea. Mpangilio wa majina ulikuwa palepale kichwani, hakuna lililohama. Mengine yalijibiwa na mwenyewe, mengine, ya waliokwisha kufa, yalijibiwa na jirani kwa kutikisa kichwa tu, na hapo Kalaba alisubiri kidogo kabla ya kuendelea. Alipofika kwa Chileshe alisita. Angeweza kuliruka.

"Chileshe."

Moto ulilia. Chola akatazama fimbo yake.

"Alikufaka," Osée alisema.

"Nilisikia. Alikufa na kisirani na miye?"

"Kisirani ya nini? Akukasirikie juu ya nini?" Osée alimtazama kwa mshangao wa kweli. "Chileshe alipitaka mbele ya lupango yako kila dimanche. Na ule mugulu yake. Tulimwambia, unajitesa bure. Anasema, hapana, anione tu kama niko muzima, ajue kazi yake haikupotea. Njo salamu yake ile. Ulikuwa unamuonaka?"

Kalaba alisema alikuwa anamwona. Hakuweza kusema kwamba alikuwa anafunga mlango. Alibaki amesimama, na ndugu wa Kasenga wakaona haya kumtazama, wakainamisha vichwa.

Alijikaza akamaliza majina. Yalipokwisha alitaka kukaa, lakini Osée hakuweka kofia kichwani, na hakuna mwingine aliyejisogeza.

"Umesahau mumoja," Osée alisema.

"Nani? Nimebaita bote."

"Mama ya ku mulango. Hatukumuitaka hata siku moja. Alikuwa inje."

Kalaba aligeuka kuelekea barabarani, upande ambao mkewe alizoea kutazama. Alikuwa amemwita kwa jina hilo maisha yake yote, kumwomba chai, kumwuliza soksi ziko wapi, kumgombeza. Sasa lilimkwama.

"Victorine," alisema.

"Iko," walijibu wale wazee kwa pamoja, kwa niaba yake, na ndani ya nyumba wanawake wakanyamaza kuimba wasikilize.

Baada ya hapo walisimama, mmoja mmoja, wakamwendea kumshika mkono kama ilivyotakiwa tangu mwanzo. Chola alikuwa wa kwanza. Alisema, "Pole, Kalaba," basi, hakuwa na zaidi. Kalaba aliushika ule mkono akasahau kuuachia. Alikuwa na ya kuuliza ya miaka thelathini na kitu, akamwuliza goti linamsumbua tangu lini. Chola akamweleza. Alima alirudi jikoni kuongeza unga kwenye sufuria, akilalamika kwamba aliambiwa hakuna watu.

Walikaa hadi jua lilipoelekea kuzama, wakizungumza habari za tanuri na za waliokufa. Kalaba alizungumza kidogo. Kila mara mtu alipomtaja kwa jina alishtuka kidogo, akageukia mlango wa nyumba amwambie Victorine kwamba alisema kweli, lilikuwa jina moja tu, hakuna kitu kilichopasuka. Kisha alikumbuka, na akarudi kutazama moto pamoja na wenzake.